Tunda Moja la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Limeanza kuiva! Upande mmoja umeingia wekundu. Nimelitazama kwa lenzi yangu ya kazini hadi nikachelewa kufungua kibanda, na mteja wa kwanza akaniambia kwamba fundi saa anayechelewa ni kichekesho. Hajui nilichokiona.

Nijikumbushe mambo yalivyo. Miaka mitano nimeulea mti huu kwenye kopo la rangi hapa roshani, kwa maji ya mvua tu, maana ya bomba unayachukia. Kama muuza mbegu alisema kweli, hili ni tunda la muujiza. Lenyewe halina ladha ya kusimulia. Lakini ukilizungusha ulimini mpaka nyama yake iishe, kisha ukauma limau, limau linakuwa tamu! Kama hakusema kweli, niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka jana pia lilitoka moja, ndege akaniwahi. Kesho yake alirudi mzima kabisa, akatua palepale kuangalia kama kuna jingine. Huo ndio ushahidi wangu wote.

Jirani wa roshani ya pili, ninayemwita Mtaalamu kwa sababu hakuna jambo asilolijua, alichungulia juu ya ukuta mfupi unaotutenganisha, akasema huo ni mti wa uzio tu. Hauna madhara wala maana. Eti hata kuku wanakula matunda yake. Nikamuuliza ameuona wapi. Akasema kila mahali. Mtu mzima, na ndevu zake!

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Mke wangu ametangaza kwamba mama yake anakuja Ijumaa kukaa nasi, na magoti yake yanataka jua la asubuhi. Jua la asubuhi liko roshani tu. Roshani yote ni makopo yangu. Kwa hiyo makopo yashuke chini, kando ya mapipa ya taka.

Nikamwambia huwezi kuweka muujiza kando ya mapipa. Akasema huo muujiza auone kwanza. Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana hivi: Jumamosi mama atalila tunda mwenyewe, mbele ya watu. Limau likiwa tamu, makopo yanabaki, kiti cha mama tutakibana katikati. Likiwa kali, nayashusha yote kwa mikono yangu, bila kununa. Sharti la kununa aliliongeza yeye.

Mama mkwe hajawahi kuniamini. Siku ya kwanza kuniona aliuliza kama nina kazi nyingine. Tangu daktari amkataze sukari amezidi kuwa mkali, na mbele za watu ananiita mkulima wa makopo.

Jumatano, 5 Machi

Tunda limeiva lote. Udadisi unanitafuna.

Nimeuchunguza mti upya. Nimesugua jani, nikanusa: harufu ya jani. Majani yamejikusanya kwenye ncha za matawi kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani. Nimesoma kwamba ndivyo inavyotakiwa. Nimesoma pia kwamba miti mingi mingine iko hivyohivyo.

Na shida yenyewe ni hii. Embe ningekata shavu moja, nikaonja, nikafunika. Hili ni ngozi, nyama kidogo kama utando, na kokwa. Kulijua ni kulila. Nikilila mimi, nitajua peke yangu na hakuna atakayeniamini. Akilila mama, atajua yeye, nami nitabaki kusimuliwa. Miaka mitano, halafu nisimuliwe!

Nilifikiria kulilamba. Nilifikiria kulitoboa kwa sindano ya saa nifyonze tone moja tu. Nilikuwa tayari na kibano mkononi mke wangu alipotokea akauliza ninafanya nini. Nikasema nalipima. Akasema nipime nikiwa mbali kidogo.

Mtaalamu naye kajitolea. Anasema tunda la namna hii lionjwe na mtu mwenye ulimi uliosoma. Nikamshukuru, nikalifunika kwa chujio la chai.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimevunja mshale wa saa ya mteja. Mawazo yote roshani. Itakuwaje kama Mtaalamu alisema kweli? Mama mkwe atauma limau, atakunja uso, kisha atanigeukia. Ule uso naujua.

Lakini saa nane hivi, nikiwa nimeinamia saa ya ukutani, wazo likanijia. Shira! Nimerudi nyumbani kabla mke wangu hajatoka kazini. Nimekata malimau mawili vipande vyembamba, nikachemsha shira nzito ya sukari, nikavilowesha humo mpaka vikalainika. Nimeonja kimoja. Asali tupu! Tunda likifanya kazi, vizuri. Lisipofanya, vizuri vilevile. Si udanganyifu huu, ni tahadhari. Bakuli la bluu, ndani ya friji, nyuma ya mboga. Sufuria nimeosha mara mbili.

Wakati mwingine najistaajabia.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amefika. Mizigo mitatu na mto wake mwenyewe. Alinipa mkono, akatazama roshani, akauliza kama hapa panaishi watu au miche.

Jioni nilimwona akinywa chai isiyo na sukari. Anaimeza kama dawa, macho kafumba. Mke wangu aliniambia taratibu kwamba mama hajalalamika hata siku moja, ila siku hizi hakai mezani watu wakila keki, hujifanya ana usingizi. Sikujua hilo. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikaenda kuhakikisha tunda lipo. Lipo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku gani hii!

Tulikaa roshani wanne, magoti yakigongana. Mke wangu alileta malimau kwenye sahani nyeupe, akasema bakuli la bluu halipendezi mbele ya mgeni. Mtaalamu, aliyejialika, akanyoosha mkono kabla ya kuambiwa, akatia kipande mdomoni, akakunja uso kama aliyekanyaga msumari. Akasema ni kali hasa. Muongo mkubwa! Nilivilowesha mwenyewe. Wivu ndio unaomkunja.

Nikalichuma. Nikampa mama. Akalizungusha mdomoni huku ananitazama kwa jicho la ukaguzi. Akatoa kokwa, akaliweka kiganjani. Akachukua limau. Akauma.

Akachukua la pili. Akala na maganda yake! Kisha akasema polepole kwamba ni tamu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. Akasema tangu aache sukari alishasahau ladha hiyo. Machozi yakamlenga. Akanishika mkono akaniita mwanangu.

Nami nilifurahi mpaka nikataka kulia, halafu nikakumbuka. Sukari! Daktari! Nimemlisha shira mama wa watu, tena mbele ya binti yake! Jioni nzima nimemfuata kila anapokwenda nikimuuliza anajisikiaje. Anajisikia vizuri sana. Anasema hakujua kama nina moyo wa huruma hivi. Nimekosa pa kuficha uso.

Kokwa hakulitupa. Alilifunga kwenye kitambaa chake cha mkononi, akauliza kopo gani liko tupu. Nikamwonyesha la pembeni bila kufikiri. Kisha akauliza tunda jingine litatoka lini, kwa sababu safari ijayo malimau atayakata mwenyewe, mengi.

Atayakata mwenyewe! Bila shira! Maji yamenifika shingoni.

Jumapili, 9 Machi

Mungu hamtupi fundi saa. Asubuhi Mtaalamu alibisha hodi, mpole, amechana ndevu. Anasema ametafakari. Anauomba ule mti wangu wa uzio, nami atanipa mche wake wa jabutikaba, tunda jeusi linaloota kwenye shina lenyewe, adimu kupita kiasi. Aliniapia.

Nilijitahidi nisicheke. Ameona mama akila malimau ya shira, akaamini! Mtaalamu mzima nimempiga chenga! Nilijitia kusitasita, nikamsifia mti, nikaguna mara mbili, kisha nikamkabidhi juu ya ukuta kabla hajabadili mawazo. Alikumbatia kopo kama mtoto mchanga.

Mama mkwe nimemwambia mti ulihitaji jua la upande ule. Akasema mimi ndiye ninayejua. Kisha akauliza mtu anapataje moyo wa kutoa kitu kama kile. Nikasema ni ujirani mwema.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeuweka mche mpya chini ya lenzi. Majani yanatazamana mawili mawili, mishipa imejichora wazi mgongoni. Nikasugua jani, nikanusa. Nikanusa tena. Nikamwita mke wangu anuse. Akasema mpera.

Ni mpera. Uko mwingine kama huu nyuma ya jengo, watu wanaanikia nguo. Hata hivyo sijasikitika sana. Yeye kanipa mpera, mimi nimempa uzio. Ngoma droo.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa natafuta bakuli la bluu. Mke wangu akaniambia lipo kabatini tangu wiki iliyopita. Jumamosi asubuhi alikuta malimau yananata, akaonja, akashangaa nimesahauje kwamba mama yake hali sukari. Akayatupa. Akakata mengine mapya, akayaweka kwenye sahani nyeupe, akanyamaza ili asiniaibishe mbele ya mgeni.

Mapya. Matupu. Makali!

Mama alikula malimau makali na maganda yake, akaona ni tamu. Lilikuwa lenyewe! Miaka mitano nimelea muujiza, umezaa, umefanya kazi mbele ya macho yangu, nami nimeutoa kwa mpera! Nilikaa jikoni sakafuni. Mke wangu aliniambia niende nikaongee na Mtaalamu kiungwana, nimweleze ukweli wote, pengine atanirudishia, au angalau atampa mama tunda likitoka. Na kama hataki, bado kuna subira.

Sikumwelewa alimaanisha subira gani. Niende nikamweleze ukweli, mimi? Kuna njia za akili zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefikiria kila kitu.

Si Mtaalamu alisema mti ule ni wa uzio? Basi leo alfajiri nimezunguka mitaa mitatu, nikaupata uzio wenye majani yanayofanana kabisa na vitunda vyekundu. Nimeng'oa mche mmoja na mizizi yake. Nitaupanda kwenye kopo la rangi kama lile, na kesho akienda sokoni nitavuka ukuta nibadilishe. Atabaki na uzio wake halali, kwa jina alilolitaja mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kopo. Yote yamejaa, isipokuwa lile la pembeni, ambalo lina udongo mtupu. Mama mkwe amelisogeza karibu na kiti chake, na kila asubuhi analimwagilia maji ya mvua, kikombe kimoja, akilisemesha. Uzee huo. Nimelimwaga lote kwenye pipa la taka kabla hajaamka. Kokwa fulani dogo likabingirika kutoka kwenye udongo, nikalipiga teke likaingia mtaroni.

Mche umekaa vizuri. Mama akiamka nitamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba tunda lijalo ni lake, nami safari hii nitaonja ngozi tu.