Uzinduzi wa Kegi za Ujimbi Kijijini Mahemba

(Hotuba ya Mhandisi Optatus Masinjisa, Mratibu Mkuu wa Programu ya Kegi za Kisasa, aliyoitoa mbele ya ghala la kijiji. Imenakiliwa neno kwa neno na katibu wa kijiji, ambaye aliamriwa kuandika pia makofi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepatwa na dharura na kuwakilishwa na dereva wake. Mheshimiwa Dereva, ambaye naye amebaki garini kwa sababu ya jua. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Maandalizi, na wake zao. Viongozi wetu wa dini, hata wale ambao pombe haiwahusu lakini chakula cha mchana kinawahusu. Wataalamu waliokuja kutoka Miyuji kwa gari lenye kiyoyozi. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wapika pombe, mliokaa kule nyuma juani kwa sababu viti vimetengwa kwa ajili ya stekiholda. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

(Wananchi wanaitikia, "Mbukwa." Mjumbe mmoja wa kamati anaamka.)

Ndugu zangu, leo tunaandika historia. Kwa karne nyingi, akina mama wa kijiji hiki wamepika ujimbi wa mtama na kuuweka kwenye mitungi ya udongo, chombo ambacho, kwa mujibu wa fizibiliti stadi tuliyoifanya, hakina koki, hakina geji, wala hakina kitabu cha maelekezo. Asilimia mia moja na nne ya wapika pombe tuliowahoji walikiri kwamba hawajawahi kuona kegi. Mimi kama kiongozi mwenye maono, na nasema hivi bila kujisifu ingawa sifa ni zangu, nilijiuliza: hadi lini? Ndipo wiki tatu zilizopita nilipoelekeza mitungi yote ikusanywe na kufungiwa ghalani, ili akili za wananchi zipate nafasi ya kupokea teknolojia.

(Makofi kutoka safu ya kamati. Nyuma, Mama Loisi, mpika pombe, ananyoosha mkono. Haonekani, au anaonekana na kupuuzwa.)

Sasa msidhani kegi inachaguliwa kama nyanya sokoni. Kamati yangu ilisafiri hadi pwani, ikakaa siku kumi na moja katika hoteli moja yenye kegi moja, na kila jioni, kwa uzalendo mkubwa, ilifanya majaribio ya kina. Tulijifunza kwamba kegi ni pipa la chuma kisichoshika kutu. Kwamba kizibo chake lazima kiwe na raba nzima. Kwamba kuna njia mbili, moja ya kuingizia gesi inayosukuma na nyingine ya kutolea bia. Kwamba kabla ya kuanza unapaka povu la sabuni kwenye maungio, na likitoa mapovu ujue panavuja. Na kwamba ukiegemea kaunta ukiwa umeshika glasi, picha inatoka vizuri. Tukajadili lita ishirini au lita hamsini katika vikao tisa, na kwa kauli moja tukaamua kuunda kikosi kazi.

(Kicheko kidogo. Mratibu anakichukulia kuwa makofi.)

Naona mkono kule nyuma haushuki. Haya mama, sema kwa kifupi, muda wa Mgeni Rasmi ni mchache.

(Mama Loisi: "Mheshimiwa, ujimbi unahema. Tunaunywa ukiwa bado unachemka. Ukiufunga kwenye chuma na kizibo, utalipuka. Na yale machicha yake yatapitaje kwenye koki?")

Asante mama. Huo ndio mtazamo hasi tunaopambana nao. Kuhusu kulipuka, tumeandaa semina. Kuhusu machicha, wataalamu wameelekeza kwamba kuanzia mwaka ujao wa fedha ujimbi usiwe na machicha.

(Mama Loisi hakai. "Basi nirudishieni mitungi yangu minne. Jumamosi nimeita watu ishirini na saba waje kupalilia. Mtama wangu unamezwa na magugu, na mvua zetu mnazijua, hazimsubiri mtu. Nitapikia wapi? Watu wakipalilia halafu wasinywe, nitawatazamaje?")

Mmesikia, ndugu wananchi? Huyu mama ni mfano hai wa mnufaika. Yaani huku kwetu mtu akitaka kupalilia kwa ujima lazima apike kwanza, na hapo hapo ndipo velyu chen yetu inapoingia! Mama, Jumamosi yako itakuwa ya kisasa. Wapaliliaji watapanga foleni mbele ya koki wakiwa na fomu. Ifikapo mwaka wa tano wa programu, kutoka Bahi hadi milima ya Kibakwe, kila kaya itakuwa na kegi, kila kegi itakuwa na afisa, na kila afisa atakuwa na pikipiki. Nitawajengea chumba cha ubaridi. Umeme haujafika, lakini swichi tumeshazichagua rangi.

(Yotham, jirani wa Mama Loisi, anauliza kama mitungi bado iko ghalani. Anaambiwa maswali yameisha.)

Sasa, kabla sijakata utepe na kufunua hiki kilichofunikwa hapa mbele kwa kitambaa cha buluu, tuhamasike kidogo. Kegi, hoyee! (Hoyee ya kamati.) Mtungi, zii! (Mjumbe wa kamati anasema zii peke yake, kisha anakohoa.) Koki kwanza, maswali baadaye!

Ndugu zangu, mcheza kwao hutunzwa, nami sitakuwa mwizi wa fadhila. Namshukuru mzee Lameck, mfugaji wetu, kwa kutuazima hii keni yake ya maziwa, ambayo ndiyo iliyomo humu kwenye kitambaa, na nimemhakikishia ataipata kabla ya kukamua jioni, kwa hiyo mpiga picha afanye haraka. Nawashukuru wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta Jumatatu. Namshukuru yule atakayeandika andiko la mradi, kwa sababu mradi wenyewe, kisheria na kiutaratibu, bado haujaandikwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi Bashiri, aliyetujengea jukwaa hili imara la uzinduzi. Alikuja jana kuniambia kifusi cha kujazia hakuna, nami kwa ubunifu nilionao nikamwonyesha ghala. Alinisihi nifikirie tena. Sikufikiria. Kwa hiyo ndugu zangu, hapa niliposimama, ninasimama juu ya mitungi yenu yote, na sijasikia hata mtikisiko. Ahsanteni sana kwa mchango huo.

(Hakuna makofi. Mama Loisi anapita katikati ya viti vya stekiholda hadi ukingoni mwa jukwaa. Anachutama, anachomoa kigae kutoka kwenye kifusi, anakigeuza. Kina alama ya kidole gumba ukingoni, kama alivyozoea kuweka marehemu mama yake, aliyeufinyanga mtungi huo. Analia, wala hafichi uso. Fundi Bashiri anavua kofia. Yotham anamwinua Mama Loisi kwa mkono, anamwambia, "Mama Loisi, Jumamosi tunakuja na majembe yetu. Utatupa maji." Mwingine anasema na yeye. Kisha mwingine. Wananchi wananyanyuka na kuanza kuondoka, mzee Lameck akiwa na keni yake.)

Naona wananchi wanaondoka kwa kasi kwenda kutekeleza. Katibu, naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

(Limeingia. Wameondoka wote, na katibu anaweka kalamu chini awafuate.)