Bibie Akipata Joto

Jumapili, 9 Februari

Kikao cha familia sebuleni kwa mama mkwe. Ajenda moja tu: Bibie.

Bibie ni gari la marehemu baba mkwe. Umri amenizidi. Rangi ya krimu, viti vya ngozi vimepasuka kama visigino. Asubuhi anawaka mara moja. Ila ukimzima akiwa na joto, basi tena! Hawaki mpaka apoe. Nusu saa, dakika arobaini, anavyojisikia mwenyewe.

Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, ana gari jipya linaloongea. Linamwambia afunge mkanda, naye anatii. Akasema Bibie auzwe. Mnunuzi keshampata, atakuja Jumamosi. Na Mama atakuwa anapelekwa kliniki ya goti kwa gari la watu wazima. La watu wazima!

Nikasimama. Nikatangaza kwamba kabla ya Jumamosi Bibie atakuwa anawaka na joto lake, na nitamtengeneza mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Mke wangu akafumba macho.

Wote tukamtazama Mama. Tangu tumzike mzee, miezi mitano sasa, Mama nyumbani hasemi zaidi ya ndiyo, hapana, na asante mwanangu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimegundua! Shida inaanza Bibie akizimwa. Basi asizimwe. Sijui kwa nini watu wanasomea haya mambo miaka mitatu.

Nimempeleka Mama kliniki, nikamwacha Bibie akinguruma chini ya dirisha. Kumbe ni dirisha la chumba cha mazoezi. Moshi wote ndani. Wagonjwa walitoka wakikohoa, mmoja bila magongo yake. Mlinzi akaja. Nikamweleza nadharia yangu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaingiza mkono, akazima, na ufunguo akautia mfukoni mpaka moshi ulipoisha.

Dakika thelathini na nane tumekaa juani, mimi na Mama, madirisha wazi. Nilikuwa nahesabu dakika na kujilaani. Ghafla Mama akaanza kuzungumza. Kwamba mzee, siku aliyotaka kumwambia habari ya ndoa, alikosa ujasiri wa kumtazama usoni. Akafungua boneti, akajiinamia humo. “Akasema, ‘Unaonaje tukioana?’ Mimi nikadhani anaongea na gari.”

Akacheka. Mama! Akacheka mpaka akashika goti.

Jumanne, 11 Februari

Nimesoma mahali kwamba petroli hupata joto, ikachemka ndani ya bomba, ikageuka mvuke. Ndiyo hiyo! Dawa yake ni vibanio vya nguo, vya mbao, vibanwe kwenye bomba vinyonye joto. Nimebana kumi na viwili. Bibie anapendeza.

Mke wangu kauliza vibanio vyake viko wapi. Nikasema upepo. Akasema upepo huchukua nguo, vibanio hubaki. Nikakumbuka nina shughuli nje.

Jumatano, 12 Februari

Vibanio havijasaidia kitu. Nikaongeza kitambaa chenye maji juu ya pampu ya mafuta. Wapi! Bibie kagoma palepale mbele ya kliniki, na mlinzi yule yule akituangalia.

Halafu nani akatokea? Mwanyumba. Alikuwa anapita tu, eti. Akachungulia injini, akauliza kama siku hizi tunaanika humo. Akamfungulia Mama mlango wa gari lake, kibaridi kikatoka humo ndani hadi mimi nikakisikia. Mama akamwambia, “Asante, mwanangu. Nitasubiri na huyu.”

Na huyu! Naandika tena: na huyu.

Mwanyumba alipoondoka Mama alilitazama gari lake mpaka likapinda kona. Kisha akasema kuwa siku ile ya mwisho, walipokuwa wanampeleka mzee hospitali, walisimama njiani kumnunulia maji. Bibie akazimwa, ana joto kali. Walipogeuza ufunguo akawaka hapohapo. “Miaka yote anagoma, siku ile akawaka. Ningetamani agome. Nusu saa tu ningekaa naye.”

Akalia. Leso sikuwa nayo. Nilikuwa na kitambaa cha pampu. Nikampa hicho hicho, kinanuka petroli. Alijifutia, akakishika mpaka tukafika nyumbani.

Alhamisi, 13 Februari

Mke wangu hajanigombeza. Ameniandikia tu jina la mtaa kwenye karatasi na neno FUNDI kwa herufi kubwa.

Fundi wa umeme wa magari ni mama mfupi, bisibisi nyuma ya sikio. Akauliza: gari likigoma, nimewahi kuangalia kama moto unafika kwenye plagi? Nikamweleza habari za petroli, mvuke na mabomba, kama dakika kumi hivi. Alipoona nimemaliza akauliza swali lile lile. Sikuwahi kuangalia.

Tukazunguka mpaka Bibie akapata joto, tukamzima. Akagoma. Fundi akachomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Hakuna cheche. Hata ya kusingizia! Akaniambia niguse koili, kile kikopo kinachopeleka moto kwenye plagi. Nikaigusa. Kidole kimetoka lengelenge.

Kumbe koili imechoka. Ikipoa inatoa moto, ikipata joto inakata. Akaweka nyingine. Tukamjaribu Bibie na joto lake mara sita, mara sita akawaka. Fundi akanikabidhi vibanio vyangu kwenye mfuko, akasema nisiguse kitu kingine chochote. Akarudia: chochote.

Ijumaa, 14 Februari

Ushindi! Mama katoka kliniki, nimegusa ufunguo, Bibie huyo! Nimempungia mlinzi. Dakika kumi na mbili tungekuwa nyumbani.

Ila katikati ya njia nikaona Mama hajasema neno. Anatazama dirishani tu, mikono mapajani. Nikapiga kona ya kushoto badala ya kulia. Nikasema najaribu koili. Tukapita posta, tukapita kiwanja cha mpira, tukarudi posta. Raundi ya tatu Mama akauliza, “Mwanangu, umepotea?” Nikasema hapana. Akasema mzee naye alikuwa hakubali akipotea. Safari moja walimwuliza njia mtu yule yule mara mbili. Akaendelea kusimulia hadi petroli ikakaribia kwisha.

Jumamosi, 15 Februari

Alfajiri nimeshtuka kitandani. Nimemponya Bibie, kwa hiyo sasa atanunuliwa! Mpumbavu mimi! Nikakimbia kwa Mama na kandambili, nikachomoa waya wa koili.

Mnunuzi kaja saa nne. Kumbe ni mpenzi wa magari ya zamani. Kafungua boneti, kaona waya, kauchomeka huku akiongea mambo mengine. Bibie akawaka. Akamzungusha mtaani, akamzima, akamwasha. Akampapasa usukani kama shavu la mtoto. Mwanyumba tayari kamnyooshea mkono wa kukubaliana.

Mlango ukafunguliwa. Mama. Bila kushikwa mkono, fimbo yake tu, hatua kwa hatua mpaka kwenye mlango wa dereva. Akauegemea.

“Haliuzwi.”

Mwanyumba akaanza kusema kwamba familia ilikubaliana. Mama akamwuliza familia ipi. “Mmeniona kimya mkadhani sipo. Nipo. Gari ni la mume wangu, sasa ni langu, na siku nikitaka kuliuza nitawaambia kwa mdomo wangu.”

Mke wangu na dada yake wakaangua kilio, wakacheka, wakalia tena. Mwanyumba, naye nimtendee haki, aliomba radhi vizuri kabisa, akaenda mwenyewe kumletea kiti.

Mama akaketi, akanyoosha fimbo kwangu. Nikajiweka sawa nisifiwe. “Na huyu,” akasema, “msimpe spana.”

Jumapili, 16 Februari

Wiki njema. Kwa kweli bila mipango yangu mambo yasingefika hapa.

Asubuhi nimepita kumsalimia Mama. Nikamwasha Bibie, nikasikia anatoa kasauti. Tik, tik. Kadogo sana. Mtu wa kawaida asingekasikia. Nikaona nikaze nati moja tu ya kabureta.

Mama akatoka na kiti chake, akakaa kando yangu. Sikumficha spana, angeiona tu. Hakunikataza. Akaanza kunisimulia mwaka ambao mzee alitaka kufuga nyuki.

Saa sita sasa. Kabureta lote lilikuwa juu ya gazeti. Mama bado anaongea, nyuki wameshaingia jikoni. Nimerudishia karibu kila kitu. Kuna springi moja imebaki, sijui ya wapi. Nimeitia mfukoni. Sidhani kama ina kazi.