Makopo Tisa ya Namba 47

Jumatano, 4 Mei

Theluji tena. Mwezi wa tano! Montana haina haya.

Mke wangu Lorraine katangaza vita leo, tena kwa sauti ya upole, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Mama yake, Mama Opal, amechoka kuishi peke yake. Jumapili, Siku ya Mama, anahamia kwetu. Atalala chumbani kwangu. Chumba cha baruti! Humo ndimo ninamojaza risasi zangu tangu tulipooana. Naokota maganda matupu, natia fataki mpya, napima baruti, nabana kichwa cha risasi juu, kisha naenda kuwinda kwa raha zangu. Meza yenyewe aliitengeneza baba kwa mbao za zizi letu la zamani. Ukiacha hii pua, ndicho kitu pekee alichoniachia.

Nikalalamika. Lorraine akanipa njia moja. Meza itabaki, pale pale dirishani, ikiwa tu baruti zangu za aina tisa zitakuwa aina moja. Kaka yake, Delmar, ndiye aliyemtia maneno hayo: eti ajali hutokea mtu anapochanganya aina mbili, na mwenye aina moja hana cha kuchanganya. Mama hatalala kwenye chumba chenye mchanganyiko. Nikishindwa, meza inakwenda kwa Delmar. Anataka ya kusafishia samaki.

Samaki! Juu ya meza ya baba!

Alhamisi, 5 Mei

Nimekaa na bunduki zangu nne nikazitazama kama baba anayetakiwa kuwapikia watoto wote chakula kimoja. Kila moja ina tumbo lake. Ile ndogo, ya panya-buku wa malishoni, inataka baruti inayoungua haraka. Ile kubwa, ya kulungu wa milimani, inataka inayoungua polepole. Mbili za katikati hazijui zinataka nini.

Kweli, ipo baruti inayozifaa zote nne. Namba 47. Kitabu kinasema hivyo. Muuza duka anasema hivyo. Lakini Delmar naye anasema hivyo, kila tukila naye, mdomo umejaa viazi: ameitumia kwa kila bunduki aliyonayo na hajawahi kujuta. Nikiitumia mimi, nitakuwa nimekubali kwamba shemeji yangu ana akili.

Afadhali niwinde kwa mawe.

Ijumaa, 6 Mei

Uwanja wa shabaha, upepo mkali. Nimejaribu kupata aina moja kati ya zile zangu tisa. Ile ya polepole kwenye bunduki ndogo: risasi ilitoka kwa uvivu, na punje ambazo hazikuungua zikabaki mle kwenye mtutu. Ile ya haraka kwenye bunduki kubwa sikuthubutu; ingeweza kuilipua usoni mwangu. Mimi ni mjanja, si kichaa. Ile ya katikati ilikubali zote, lakini matundu kwenye shabaha yalitawanyika kama kuku waliofukuzwa.

Kumbe Delmar yuko meza ya pili. Kapiga risasi tatu, matundu matatu yakagusana. Kasafisha miwani tu. Baadaye akaja kunishika bega: "Shemeji, jaribu hii yangu. Haina ubishi."

Ndipo wazo likanijia. Wazo zuri kabisa! Lorraine anataka kuona aina moja. Kuona! Hakusema zaidi ya hapo.

Nikamwomba Delmar kopo tupu la Namba 47, nikasema nataka kusoma maelezo yake. Akanikumbatia. Delmar, ambaye hata mbwa wake hamkumbatii! Nadhani alilia kidogo, au ni upepo.

Jumamosi, 7 Mei

Kazi imekamilika. Nimebandua lebo ya Delmar kwa mvuke wa birika, nikaenda nayo maktaba kutoa nakala za rangi. Mkutubi akauliza kama ni za harusi. Nikasema karibu hivyo.

Lebo zangu za zamani nimezibandua zote, mpya nimezibandika. Makopo yote ni meusi, yote ni saizi moja. Sasa rafuni kuna makopo tisa ya Namba 47, safi kama askari kwenye gwaride. Kuyatambua ni rahisi: ya haraka kabisa ipo mwanzo kushoto, ya polepole kabisa ipo mwisho kulia, na zilizobaki zimefuatana hapo katikati. Sikuandika popote. Ya nini kuandika jambo lililo kichwani?

Lorraine kaja, katazama, kanibusu shavuni. Kasema hakujua kama ninaweza kubadilika. Nikajisikia mtu mwaminifu.

Jumapili, 8 Mei

Mama Opal kafika na masanduku, cherehani na kasuku aliyekufa zamani na kukaushwa. Chakula: kuku wa kukaanga, viazi vya kuponda, pai ya tufaha. Delmar ndiye aliyeombea chakula. Alimshukuru Mungu kwa kuku, kwa mama, na kwa shemeji aliyekuwa amepotea na sasa ameonekana. Nikasema amina kwa sauti kuliko wote. Lorraine akatangaza mbele ya watu kwamba meza inabaki. Ushindi!

Mama Opal akaenda kupumzika. Tukasikia vitu vikisogezwa. Baada ya muda akatoka na kitambaa mkononi, kasema hawezi kulala penye vumbi, kwa hiyo ameifuta rafu na kuyapanga makopo upya, piramidi, kama dukani. "Yote yanafanana, mwanangu, ndiyo maana sikupata taabu."

Nimekunywa maji glasi mbili.

Jumatatu, 9 Mei

Siku mbaya. Naandika tu kwa sababu nimezoea.

Asubuhi, Mama Opal akiwa kwenye chai, nilifungua makopo yote. Baadhi ni vijiti, baadhi punje za mviringo, baadhi vipande bapa. Hadi hapo sawa. Lakini vijiti viko makopo matano, na vyote vinafanana kama mapacha. Nikanusa. Nikatikisa. La tatu nikaliambia, wewe ni wewe, karibu nina hakika. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye baruti hakuna neno "karibu". Nikayafunga.

Mchana akaja Delmar. Namba 47 imeisha madukani, na kesho anataka kumjazia binti yake risasi. Anaomba kopo moja. Kabla sijapata uongo, Mama Opal alikuwa tayari ameshamchukulia la juu kabisa la piramidi. Delmar akalitia kwapani, akafika mlangoni. Amezoea baruti moja maisha yake yote. Huyu hatazami anachomimina.

Nikamkimbilia. "Delmar, fungua kwanza!"

Akafungua. Akatazama ndani. "Shemeji, Namba 47 ni vijiti. Hizi mbona punje kama mtama?"

Akarudi rafuni akafungua jingine. Bapa. Akafungua la tatu. Lorraine alikuwa mlangoni. Akauliza kwa ile sauti yake ya upole ipi ni ipi. Nikajibu kwamba hadi jana saa saba nilikuwa najua.

Delmar hakufoka. Alikaa kitandani kwa Mama Opal, uso mweupe, akasema jina la binti yake mara moja tu. Niliogopa. Hapa naandika wazi, niliogopa kuliko siku yoyote porini.

Mama Opal akayarudisha makopo kwenye piramidi. Akasema yeye alipanga vizuri.

Jumanne, 10 Mei

Huku kwetu kila mtoto anajua: baruti isiyo na jina si baruti tena, ni mbolea. Inamwagwa kwenye majani, mvua inamaliza kazi. Lorraine akataka nimwage mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya nyumba. Mistari tisa, kopo moja kila mstari. Jirani yetu Haugen alivua kofia kama anayepita mazishini.

Delmar kaja na pikapu kuchukua meza. Aliibeba kwa heshima, akaifunika blanketi isikwaruzike. Heshima hiyo ndiyo iliyonikera zaidi. Nilikaa gereji hadi alipoondoka nayo. Nimelia, na si upepo.

Jumamosi, 4 Juni

Ajabu! Mvua imenyesha mfululizo, na majani yameota mistari. Mstari wa nne kutoka uzioni unanifika magotini, kijani cha kutisha. Haugen ameuliza siri yangu. Kuna mashindano ya bustani kwenye maonyesho ya wilaya, na Delmar hushiriki kila mwaka. Lorraine ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu.

Tatizo ni moja. Sijui mstari wa nne ulikuwa baruti gani.

Lorraine anasema nisihangaike, ninunue gunia moja la mbolea ya kawaida, inafaa kwa mimea yote. Moja kwa yote! Damu ya Delmar hiyo.

Hapana. Madukani mzigo wa baruti umeanza kuingia. Nitanunua kopo moja la kila aina, zote tisa, nizijaribu upya kwenye majani. Nafasi ipo chini ya kitanda cha Mama Opal. Ili pasiwe na maswali nitabandua lebo zote na kubandika za mbolea. Ya haraka mwanzo kushoto, ya polepole mwisho kulia. Mama Opal magoti hayapindi, kwa hiyo huko chini hafuti vumbi.

Majina sina haja ya kuyaandika. Yako kichwani.