Jinsi Mwinshehe Alivyolikata Birika Lisiloshikika

Sogeeni, enyi watu wa Bigwa, nanyi wa Mlali yaacheni majembe kondeni, mpate habari za Mwinshehe, simba wa maabara, mtekaji wa mwanga, aliyekata kioo mchana kweupe huku akiwaogopa dada zake!

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Morogoro yakifurika mabirika ya kila rangi. Lakini la marehemu mama yake lilikuwa moja tu, na shujaa wetu alilibeba, akalisahau Ulaya alikokwenda kusoma. Alirudi na kioo, na ndani ya kioo birika lile lile, limetuna, ukisogeza kichwa linageuka, ukipeleka mkono unashika hewa. Na kwa kuwa kwa Waluguru vya mama ni vya mabinti, dada yake Mwajuma na mdogo wao Mwaisha walikigombea kioo hicho hata wakaacha kusalimiana.

Ndipo Mwinshehe aliposimama sebuleni akanguruma: "Sikieni, mabinti wa mama yangu! Nililigawa jeshi la mwanga mapande mawili. La kwanza likalivamia birika, likarudi na habari zake. La pili likaenda moja kwa moja kulingoja kiooni. Yakakumbana humo, nyayo za vita vyao zikabaki, na kila pembe ya kioo ikapata habari za birika zima! Ni elimu ile ile ya hologramu, picha zing'aazo kwenye kadi za benki, wezi wasizighushi. Nitakikata, na kila mmoja atapata birika zima!"

"We Mwinshehe," akasema Mwajuma, "la chuma umelipoteza, sasa na hili la hewa unalivunja?"

"Akilivunja, kaka sina tena," akaapa Mwaisha.

Shujaa akaogopa kwelikweli. Nadharia aliijua, kukata hakuwahi. Vipi kama mdomo ungebaki huku na kishikio kule, naye akawakosa dada zake wote wawili? Akapiga bismillahi, akachora mstari kwa almasi ya fundi vioo, akabonyeza. Ka!

Vipande vikapelekwa dirishani, penye jua. Mwajuma akachungulia: birika zima! Mwaisha akachungulia: zima, ingawa kila mmoja alilitazama kama kupitia kidirisha, huyu akikiona zaidi kishikio, yule mdomo.

"Dada, hebu nione lako," akasema Mwaisha.

"Njoo ukae hapa," akajibu Mwajuma, akimpisha kwenye mkeka. "Na wewe kaka, umefanya la maana. Sasa fagia hizo chenga, watoto wasije wakakanyaga."

Naye mshindi wa mwanga akatwaa ufagio, akafagia huku machozi ya furaha yakimtiririka. Na iandikwe kwamba Bigwa haijapata kumwona mfagiaji mwenye fahari kama yule.