Yah: Kishikwambi Kinachonichongea kwa Asilimia

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa karatasi, maana karatasi haina mdomo.

Mimi ni Naibu Meneja wa Mapitio. Kwa miaka ishirini na miwili kila taarifa ya ofisi hii imepita mezani kwangu, nami nimeandika pembeni: "Nimesoma kwa makini. Naafiki." Hakuna aliyewahi kulalamika. Mwezi uliopita ukaondoa mafaili, ukatugawia vishikwambi vya kusomea, vikubwa kama sinia, visivyo na rangi wala michezo, ati tusome. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kinasema. Nilitia saini taarifa ya mpangilio mpya wa ofisi, nikijua ni habari za meza na viti. Dakika mbili baadaye kila meneja akaona: "Amesoma kurasa 2 kati ya 64." Na hizo mbili ni jalada na yaliyomo! Mtu mzima na mvi zangu, nachongewa na kioo.

2. Hakina unene. Zamani nilipita ukumbini na mafaili manne kwapani, watu wakanipisha. Sasa nabeba taarifa mia tatu kwa mkono mmoja na hakuna anayeshtuka. Juzi mgeni kaniona nacho, akaniagiza chai, tena isiyo na sukari.

3. Mama Chai, anayetupikia hapa ofisini, anakisoma. Anasema herufi ni kubwa na macho hayamuumi, basi akingoja vikombe hujisomea. Wiki jana nilipitiwa na usingizi kidogo. Kuamka, taarifa ile imefika asilimia mia. Ukanisifu mbele ya kikao kizima, kisha ukaniuliza maoni yangu kuhusu sura ya tano. Nilikohoa mpaka wakafungua madirisha, halafu nikasema sura hiyo imechelewa sana kuletwa. Watu wakaniangalia kwa huruma, nikadhani ni kwa sababu ya kikohozi. Naomba mama huyu apigwe marufuku. Kila mtu akisoma, sisi tulioajiriwa kusoma tutafanya kazi gani?

4. Kalamu yake ina ncha ya nyuma inayofuta. Hii ni hatari. Leo mkubwa anaafiki, kesho anafuta, heshima ya ofisi itabaki wapi? Saini zangu nimeshamwagiza fundi wa kompyuta azifunge zisifutike milele. Naomba za wengine nazo zifungwe, na ncha hizo zikatwe.

Kwa hayo, mafaili yarudishwe. Ikishindikana, asilimia zitolewe kwa cheo: wewe mia, sisi manaibu tisini na tano, na hao wa chini wajisomee.

Nisalimie shemeji na watoto, walinzi wa getini, na yule fundi aliyenicheka. Mwambie nimemsamehe.

Wako nisiyechoka kupitia,
Naibu Meneja wa Mapitio

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, Mama Chai kaja kuchukua kikombe, akaniuliza kwa upole kama nimepata mtu wa kunisaidia kubeba vitu vyangu. Vitu gani tena? Akanifungulia ukurasa wa 58, sura ya tano: cheo cha Naibu Meneja wa Mapitio kiondolewe mwisho wa mwezi huu, kwa kuwa hakuna dalili kwamba mwenyewe husoma. Pembeni kuna mwandiko wangu: "Nimesoma kwa makini. Naafiki." Jamani! Sasa nimesoma kurasa zote sitini na nne, kiulize hicho kishikwambi kitakwambia. Nina watoto wawili bado wako shule. Ncha zisikatwe. Yangu nimeisugua hapo pembeni mpaka mkono umekufa ganzi, maneno hayatoki. Fundi anasema niliyataka mwenyewe, na mwenye uwezo wa kufungua ni wewe peke yako. Mama Chai aachwe asome, tena aanze na zangu. Nami nakusihi, Ndugu Mkurugenzi, barua hii usiishie upande wa kwanza. Geuza karatasi, usome mpaka hapa.