Ziara ya Doha kwa Mlango wa Nyuma

Jumatano, 5 Novemba
Nimeona mwanya! Nilikuwa getini kwa hoteli, mabosi wawili wakapita wakisema nchi haiwezi kutegemea gesi milele, sasa inataka watalii. Inanitaka mimi! Nani anaijua Doha kunishinda? Nimeilinda karibu yote. Nikamwambia Augustine, Mganda tunayelinda naye, kwamba Ijumaa nikiwa off natembeza wazungu. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Eti ssebo, yaani bwana kwa Kiganda, bila leseni utatembezwa wewe, mpaka uwanja wa ndege. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Novemba
Wateja! Mzee Mholanzi na mkewe, wageni wa hoteli yetu. Nikawaambia basi la watalii linaonyesha Doha ya kalenda, mimi naonyesha Doha yenyewe. Mama akapiga makofi! Shati ya kanisa nimeipiga pasi na sufuria ya moto.

Ijumaa, 7 Novemba
Kila mahali pamefungwa! Soko, makumbusho, yote mpaka swala iishe. Ijumaa mimi hulala, ningejuaje? Haidhuru. Nikawaonyesha nilikolinda. Geti la mizigo la benki. Parking ya chini ya maduka, baridi safi. Mlango wa nyuma wa jumba fulani refu, ule wa takataka. Mzee akauliza kwa upole kama majumba ya hapa yana mbele. Nikamwambia mbele hulindwa na wenye Kiingereza kizuri.
Tukafika baharini, Corniche. Mama akainua simu. Mkono wangu ukaruka wenyewe, ukaziba kamera: no photo, madam! Mazoea ya kazi, jamani. Akaniomba msamaha! Kurudi hotelini, mzee nikamwitisha kitambulisho.

Jumapili, 9 Novemba
Balaa. Wazee wameandika mtandaoni hawajawahi kucheka hivyo, na jina langu wakaweka. Nyota tano! Henry, supervisor, akaniita. Akasema nchi inatafuta watalii, haijanitafuta mimi. Kibali changu ni cha askari. Nikirudia, visa inafutwa, narudi Eldoret. Wasichana wangu wanasoma kwa hii visa. Nikaapa sitatembeza mtalii tena. Nimehamishwa.

Alhamisi, 13 Novemba
Lindo jipya, resort mpya ya ufukweni! Mabwawa, miavuli, wapishi wanacheza drafti. Mgeni hata mmoja hakuna. Meneja karibu alie: wakubwa wanakuja kesho kukagua utalii, na watalii wako wapi?
Kiapo ni kiapo. Lakini Henry hakusema lolote kuhusu kutengeneza watalii! Nimempigia Rael, kiongozi wa kwaya yetu ya kanisa hapa Doha. Kwaya nzima inakuja na kofia za jua, na wameambiwa waongee Kifaransa. Hakuna anayekijua.
Henry ndiye anawasindikiza wakubwa. Vizuri! Ajionee mwenyewe nilivyobadilika.