Ng'ombe wa Priscah na Namba za Kukwangua

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Mvua ya mawe ya wiki jana ilichapa chai yote, vimebaki vijiti tu. Hakuna kuchuma mwezi huu. Kijiji kizima cha Boito kinanuna isipokuwa mimi. Mimi nina mpango.

Mpango uko kwenye boksi chini ya kitanda. Ni pakiti za kadi za mchezo wa kompyuta, zenye picha za mazimwi. Kila pakiti ina kadi moja yenye namba iliyofichwa, unakwangua kama kadi za zamani za salio la simu. Mtoto wa Ulaya akiingiza namba hiyo kwenye mchezo wake, anapewa zimwi. Ikishaingizwa mara moja, imekufa. Watoto wa huko hawana subira ya kungoja pakiti, kwa hiyo wananunua namba peke yake, mtandaoni. Aliyenieleza ni Mochama, mwenye duka la simu Litein. Boksi pia aliniuzia yeye.

Pesa ya boksi ilitoka kwa Chelel. Chelel ni ng'ombe wa mke wangu Priscah, yule mweupe, baba yake alimpa siku alipokuja kwangu. Priscah yuko Longisa, anamuuguza mama yake hospitalini. Anarudi Jumamosi. Nimemuuza Chelel kwa jirani yangu Gekara, ng'ambo ya ua. Gekara alisema nikimrudishia pesa yake kabla ya Jumamosi, nichukue ng'ombe wangu bila maneno. Alisema huku anatabasamu. Simpendi huyo mtu.

Jumanne, 6 Mei

Nimejiunga na kikundi cha wauzaji kwenye simu. Wameandika maonyo. Usitume namba kabla ya pesa. Usitume picha ya namba. Usiamini ujumbe wa pesa mpaka uhakikishe. Nimesoma mara mbili. Sijui ni watu gani hao wanaohitaji kuambiwa mambo kama haya.

Mteja wa kwanza. Anajiita Pasta Stivu. Aliomba picha ya namba aone kama ni ya kweli. Nilikataa. Halafu nikapata akili: nilipiga picha nikifunika nusu ya namba kwa kidole gumba. Pasta alinisifu kwa uangalifu wangu. Akasema ila mwangaza upande ule haukuwa mzuri, nipige nyingine, kidole kikae upande wa pili. Nikapiga.

Pasta amenyamaza. Namba imekufa. Nilikaa jikoni muda mrefu kabla ya kuelewa kidole changu kilifanya nini.

Yunia, mke wa Gekara, alileta maziwa kwenye kikombe, akasema pole na upweke. Maziwa ya Chelel. Nilimwambia sihitaji. Alipoondoka nikayanywa.

Jumatano, 7 Mei

Mteja wa pili alitaka namba kumi. Safari hii hakuna picha, hakuna kidole. Nilisema pesa kwanza. Ujumbe wa pesa ukaingia. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilipiga simu kuhakikisha, kwa namba iliyoandikwa chini ya ujumbe huohuo. Msichana mwenye adabu sana akathibitisha. Hata akaniuliza hali ya mvua.

Nikatuma namba zote kumi. Nikatembea kwenye matope mpaka kwa wakala kutoa pesa. Wakala alitazama simu yangu, akanitazama mimi, akawaita wenzake waje kutazama.

Alhamisi, 8 Mei

Sikutoka nje. Ndama wa Chelel analia zizini. Wakati wa kukama Chelel naye anaita kutoka kwa Gekara. Wanaitana hivyo mpaka giza. Kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yanayotiwa unga wa makaa, kimekauka. Niliingiza kidole nikatoa makaa tu.

Gekara aliegemea ua akaniuliza biashara inaendaje. Nikasema vizuri sana. Akasema Mochama amewauzia watu wengi wa Litein maboksi kama yangu, na wote wanamtafuta. Akanishauri nimrudishie pakiti zilizobaki nidai pesa yangu. Wivu tu. Ameshapata ng'ombe, sasa anataka na mpango.

Ijumaa, 9 Mei

Hatimaye, mtu wa heshima. Jina lake Meneja Kolinsi. Anasema kampuni yao inanunua kwa wingi. Unaleta namba, wanazihesabu, wanakupa risiti. Malipo mwisho wa mwezi. Na bonasi Oktoba.

Machozi yalikaribia kunitoka. Hivyo ndivyo baba yangu alivyouza chai maisha yake yote. Unapeleka majani senta, kituo cha kununulia chai, karani anapima, anakupa karatasi yako, lori linaondoka, unarudi nyumbani kungoja. Hakuna mtu Boito aliyewahi kusimama mbele ya lori akidai alipwe kwanza. Angeonekana mwendawazimu. Wale wa kikundi wanaosema pesa kwanza ni watu wa mjini, hawajui kilimo.

Lakini sikukubali ovyo. Nilidai risiti. Ikaja, ina muhuri, na chini imeandikwa: Daraja la Kwanza. Senta karani hunirudishia majani kila mara, eti ni magumu, mbele ya watu wote. Hii risiti nimeisoma mpaka nimeikariri.

Nimekwangua mchana kutwa, kucha zimekuwa za kijivu. Nimetuma zote. Boksi halina kitu. Nilikuwa nanawa mikono ndipo nikakumbuka kwamba mwisho wa mwezi si kesho.

Jumamosi, 10 Mei

Priscah alifika saa sita. Hakuingia nyumbani. Alikwenda zizini na mkoba mkononi, akamkuta ndama peke yake. Akaita jina la Chelel. Chelel akaitika kutoka kwa Gekara.

Alisimama pale kwenye mvua. Kisha akaniuliza polepole, akaniita Baba Kiplimo, kwa jina la mwanetu aliye bwenini, kama nilimuuza kwa sababu ya mama yake, kwa sababu ya hospitali. Nilitaka kusema ukweli. Mdomo ukasema ndiyo.

Akalia. Alinishika mkono wenye kucha za kijivu akasema hakujua ameolewa na mtu mwenye moyo wa namna hii. Akasema Jumatatu atachukua hiyo pesa aipeleke Longisa, maana mama atapelekwa upasuaji na ndugu zake wameshindwa kuchanga.

Sijawahi kuona aibu kama hii. Chakula kilinishinda.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani Priscah alisimama akashuhudia mbele ya wote jinsi nilivyouza ng'ombe kwa ajili ya mama yake. Waumini wakapiga makofi. Mchungaji akanitaja katika maombi. Gekara, aliyekaa nyuma yangu, hakupiga makofi. Tulipotoka akaniambia kwa sauti ya chini niende nimwambie mke wangu leo, kabla hajapanda gari kwenda Longisa mikono mitupu. Akasema yeye na Yunia wako tayari kuturudishia Chelel, tutawalipa taratibu, mradi niseme ukweli. Nilimwambia asiingilie nyumba yangu.

Maana ujumbe umeingia wakati wa mahubiri. Meneja Kolinsi. Anasema mimi ni mkulima wake bora. Nikiongeza boksi moja tu, malipo yote yatatoka kesho asubuhi, sina haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Tazama jinsi Mungu anavyopanga.

Nimempigia Mochama. Boksi lipo moja la mwisho. Anakubali kulipwa kwa mifugo.

Priscah amelala, amechoka na safari. Ndama ametulia leo, nadhani sauti imemkauka. Nimempiga picha nzuri nikamtumia Mochama. Ana upele kidogo begani, lakini hauonekani. Niliufunika kwa kidole gumba.